Mji Aliouombea Shangazi

Shangazi yangu Ligaya aliingia utawani kabla sijazaliwa. Alitoka kisiwani kwetu Samar kwa meli akiwa msichana mbichi, akapokelewa bandarini na masista wawili, akapandishwa gari lenye mapazia, na kulipopambazuka alikuwa tayari ndani ya kuta za nyumba ya watawa katikati ya Manila. Hakutoka tena. Masista wa shirika lake hawatoki. Kazi yao ni kuuombea mji, usiku na mchana, kwa zamu. Mji wenyewe hawauoni.

Mimi nilimjua kupitia nondo. Kila Krismasi baba alitupeleka kumsalimu, tukaketi upande wetu wa chumba cha wageni naye upande wake, kati yetu dirisha la vyuma. Nilijua macho yake na kicheko chake, kicheko kikubwa ambacho hukukitegemea mahali kama pale. Lakini sikuwahi kumgusa, wala sikujua akisimama ana kimo gani, kwa maana kila tulipofika tulimkuta ameshaketi.

Halafu nyumba ile ikaamuliwa ifungwe. Masista walikuwa wamezeeka na kubaki wachache, paa linavuja, na wakubwa wao wakaona wahamishiwe milimani Benguet, kwenye baridi na nafasi. Mama Mkuu akatoa ruhusa ambayo haijawahi kutolewa: kabla ya kuhama, kila sista atoke siku moja na ndugu yake, akautazame mji. Baba yangu alikuwa ameshafariki, basi simu nikapigiwa mimi.

"Wewe ndiye Luningning? Njoo Jumanne asubuhi umchukue shangazi yako. Umrudishe kabla ya sala ya jioni."

Sista aliyepiga alisema kama anayenituma kuchukua mzigo stendi.

"Utampeleka wapi?" akaniuliza mume wangu, Ambo.

"Makanisani, nadhani."

"Ning, huyo anaishi kanisani. Mpeleke kwingine."

Jumanne mlango mdogo wa pembeni ulifunguliwa, na shangazi akatokeza. Alikuwa mfupi. Ushungi wake mweusi ulinifika begani. Akaweka mguu mmoja nje, mwingine ukabaki ndani, akasimama hivyo akiitazama barabara, baiskeli za miguu mitatu, waya za umeme zilizosongamana juu kama nywele zisizochanwa.

"Toka basi, Perpetua," ilisema sauti nyuma yake. Ilikuwa ya Sista Klemensia, bawabu, na Perpetua ndilo jina la utawa la shangazi. "Unatuingizia nzi."

Akatoka. Mlango ukafungwa. Nilikuwa nimejiandaa kumkumbatia, lakini aliinua kidole akanizuia, akageuza sikio kuelekea kona.

"Ngoja," akasema. "Anakuja."

Kutoka mtaa wa pili ilisikika sauti ya mwuza taho, ile soya laini ya moto inayotiwa shira, akilivuta jina la bidhaa yake kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akatokea na mti begani, ndoo moja mbele, moja nyuma. Alipomwona mtawa akatua ndoo, akauchukua mkono wa shangazi na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama tunavyowafanyia wakubwa.

"Kumbe ndiye wewe," shangazi alisema. "Unatuamsha kila siku. Baba yako alikuwa na sauti nzito kuliko yako."

Yule mtu akabaki na mkono wake hewani. "Sista, ulimjua baba?"

"Kwa masikio. Tuliacha kumsikia mwaka wa mafuriko makubwa."

"Alifariki mwaka huohuo."

"Tulidhani hivyo. Tulimwombea. Jina hatukulijua, tukawa tunasema tu, Bwana, yule wa taho."

Yule mwuzaji alifunua ndoo, akachota, akamwaga shira kwa uangalifu mno.

"Aliitwa Hilario," akasema mwishowe.

"Hilario," shangazi akarudia. Akaipokea bilauri kwa mikono miwili na kula akiwa amesimama pale barabarani, shira ikimdondokea kidevuni. Mimi nilikuwa nimepita kona ile maisha yangu yote nikifikiri ni kona tu.

Alipomaliza akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Sasa treni. Nimeisikia ikijengwa. Nyundo zilipiga mpaka Mama Mkuu wa enzi zile akasema toharani kwenyewe hakuwezi kuwa na kelele kama zile."

Reli yetu imejengwa juu, kwenye nguzo, na inapita karibu kabisa na ukuta wa utawa. Tulipanda ngazi za kituo cha Tayuman taratibu, akipumzika kila kona. Wanafunzi waliokuwa wakishuka mbio walipunguza mwendo walipomwona. Wengine wakamgusa mkono kwa paji la uso na kuendelea kukimbia. Tuliingia behewa la mbele, la wanawake. Binti mmoja aliyevaa sare ya uuguzi akamwachia kiti.

"Asante mwanangu, nimekaa vya kutosha. Leo acha nisimame."

"Basi niombee, Sista. Nina mtihani wa mishipa ya damu."

"Umesoma?"

"Kidogo."

"Haya, soma sasa hivi. Mimi nitaomba, wewe soma."

Behewa zima lilicheka, na binti akatoa daftari kweli. Treni ikaondoka. Shangazi aliushika mkono wangu ghafla, kwa nguvu, kiganja chake kigumu kwa kazi ya bustani, na huo ndio ukawa mguso wetu wa kwanza. Nje ya dirisha mapaa yalianza kukimbia, mabati ya kutu, matangi ya maji, na katikati yake kijani kidogo, mpapai mmoja, vigae vyekundu. Kikapita.

"Ning. Ile."

"Ndiyo, Shangazi. Ndiko kwenu."

Hakuweza kungoja. Tulishuka Bambang, kituo kilichofuata, tukavuka upande wa pili, tukarudi, kisha tukaja tena. Mara ya tatu treni ilipunguza mwendo pale pale juu ya ukuta, na tukaiona bustani yote kama sinia iliyowekwa miguuni petu: matuta ya mboga, kisima, sista mmoja mzee akianika nguo.

Shangazi alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Nguo zetu za ndani," akanong'ona. "Miaka yote hii Manila nzima imekuwa ikitazama nguo zetu za ndani."

Akaangua kile kicheko chake, nami nikacheka mpaka nikashika tumbo. Lakini kicheko chake kiliisha kabla ya changu. Alikuwa ameanza kuwatazama watu waliojaa behewani, wanaosinzia, wanaopaka wanja kwa kioo cha simu.

"Na wote hawa hupita?"

"Kila dakika chache, kutwa."

"Juu yetu hapa. Sisi tukiwa magotini, tunawaza wako mbali."

Tulivuka mto Pasig. Maji yalikuwa ya kahawia na mapana, matishari ya mchanga yakisukumwa na meli ndogo, na majengo ya zamani yamejipanga ukingoni yakimeremeta kwa jua la saa nne. Midomo yake haikusogea. Nikamwuliza kama anasali.

"Hapana," akasema. "Nimeshindwa."

Tulizunguka mchana kutwa. Tulikula tambi Binondo, kwa Wachina, na akabishana na mpishi kuhusu pilipili. Sokoni Quiapo alisimama mbele ya meza yenye mishumaa ya kila rangi mpaka mwenye meza akamletea kigoda. Alitaka kujua kila sauti inatoka wapi: kengele ya mwuza aiskrimu, mtambo wa kunolea visu, kipaza sauti cha duka la viatu. Kila nilipomwonyesha, alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekutana na ndugu aliokuwa akisimuliwa tu.

Saa tisa nikampeleka Malate. Rafiki yangu Wilma anafanya usafi kwenye jengo refu la makazi, na alikuwa ameahidi kutupandisha mpaka juu kabisa, kwenye bwawa la kuogelea la wapangaji. Lifti ilipoanza kupaa shangazi alifumba macho.

"Masikio yanaziba," akasema.

"Meza mate, Sista," Wilma akamwambia. "Usipomeza, utafika mbinguni kiziwi."

Milango ikafunguka, upepo ukatupokea. Upande mmoja kulikuwa na bahari. Shangazi aliitupia jicho mara moja tu, maana bahari aliikulia, akaipa mgongo. Akaenda upande wa mji, akashika ukingo kwa mikono yote miwili.

Mimi nimezaliwa Manila. Juu vile nilikuwa sijawahi kufika. Chini yetu mapaa yalitanda bila mpango, yakibebana, yakakatwa na barabara zilizojaa magari kama sisimizi. Nyuma yake maghorofa ya Makati. Nyuma ya hayo, maghorofa mengine yaliyofifia kwa moshi. Nyuma yake tena, mengine, mpaka huwezi kusema kama ni majengo au ni mawingu. Sauti zote zilitufikia zikiwa sauti moja, ya chini, isiyokatika.

"Mwisho wake uko wapi?" shangazi akauliza.

"Hauna mwisho, Sista," Wilma akajibu. "Ukidhani umefika mwisho, wanakwambia huu ni mji mwingine, una jina lake. Nyumba ni zilezile."

Tulimshika na kumkalisha kwenye kiti cha kuotea jua. Alikuwa amepauka, lakini macho hakuyatoa kule.

"Nilikuwa nasema, Bwana, utazame mji huu," akasema. "Hivihivi, Ning. Kama mtu anayesema niangalizie sufuria jikoni. Sikujua ninaomba nini."

Nilitazama mapaa yale nikakumbuka kwamba chini ya mojawapo nilimzaa mwanangu wa kwanza, damu ikagoma kusimama, na wakunga wakaanza kukimbia huku na kule. Sikuwa nimewahi kumsimulia. Nikamsimulia pale, nikamwambia kwamba labda ndiye aliyeniokoa bila kujua.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nane usiku, au tisa."

"Basi haikuwa zamu yangu. Saa hizo huwa ni Klemensia. Mimi nilikuwa nimelala fofofo. Mshukuru yeye."

Katika jengo lililotukabili, chini kidogo, mwanamke alikuwa akipiga pasi mashati ya shule dirishani. Akainua macho, akaona mtawa ameketi kando ya bwawa la kuogelea, akaganda. Shangazi akampungia. Yule mwanamke, kwa kukosa mkono mwingine, akatupungia kwa pasi.

"Huyo," shangazi akasema kwa sauti ndogo. "Nianze na huyo."

Na rangi ikamrudia usoni. Alibaki akitazama dirisha lile, kisha la chini yake, kisha la pembeni, moja moja, bila haraka, mpaka Wilma akatukumbusha saa.

Kwenye teksi alinisinzilia begani. Mlangoni Sista Klemensia alifungua na funguo zake kiunoni, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Niliuchukua mkono wake nikauweka kwenye paji la uso wangu na sikuuachia upesi.

"Ana nini huyu?" akamwuliza shangazi.

"Nitakueleza ndani. Nifungulie vizuri, miguu inaniuma."

Walihama mwezi uliofuata. Nilikwenda Benguet kumwona mvua zilipokwisha, kwenye nyumba mpya iliyozungukwa na misonobari, baridi ikinipenya mpaka kwenye meno. Nilimwuliza kama bado anamwombea mwanamke wa pasi.

"Huyo nilimmaliza wiki ileile. Sasa niko ghorofa ya chini yake, kuna mzee alikuwa akimwagilia maua kwa kopo. Halafu kuna dirisha lenye pazia la bluu, hilo sikuona mtu, kwa hiyo linachukua muda." Akavuta shali mabegani. "Kwa uzee huu, Ning, hata lile jengo moja sitalimaliza."

Alilisema hilo kwa raha kabisa, kisha akaniuliza kama nimekula.