Honi Mbili za Jumanne

...na hiyo shikamoo nayo ya nini, nani kamwomba shikamoo, Kristian alikuwa akijisemea moyoni, simu kaibana sikioni, mgongo kauegemeza kwenye kiti cha Noah yake isiyokwenda popote, "Shikamoo kaka Kristian, pole sana kaka kwa usumbufu," sauti laini kama ya yule dada wa benki anayekwambia mtandao unasumbua, rudi kesho, na mtu mkweli hana haja ya kulainisha sauti, mtu mkweli anasema mzigo wako huu hapa, chukua, kwisha, lakini huyu Mariamu muuza spea wa Dar, ambaye hajawahi kumtia machoni ila kwenye picha ya duka lake mtandaoni, kamtumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu na sekunde kumi na mbili, na dakika zote hizo za nini kama si za kumzungusha, siku kumi na moja anaambiwa mzigo umeshatoka, mzigo nimemkabidhi dereva, kaka muulize dereva wenu, mara mbili kashuka mpaka stendi ya Lushoto, yeye mwenye gari kwenda kupanda gari la mwenzake, kamuuliza dereva wa basi huyu, kamuuliza yule, wakamtazama kama mtu anayedai mahari ya bibi yake, hakuna mzigo mzee, hakuna, na huku tairi la mbele la kulia limevuliwa, ekseli imekaa juu ya mawe matatu aliyoyapanga fundi Abubakari kwa mkono wake, "Siku mbili tu mgosi, beringi ikifika nipigie," siku mbili, nyasi zimeshaanza kuchungulia pembeni ya mawe, abiria wake wa Mlalo wote wamehamia kwa Nikodemo, na nyanya zake kule bondeni zinaiva na kupasuka kwa sababu hakuna gari la kuzipandisha barabarani... "...kwa hiyo kaka nikasema hapana, siwezi kukaa tu, ngoja nifuatilie mwenyewe..." fuatilia, ndiyo, matapeli wote huanza hivyo.

Na lawama nyingine ni yake, hilo anajua, lawama ya kununua kitu usichokishika, mama yake angemcheka, mama yake soko la Mlalo lote lilimjua, hakununua maharage mpaka azamishe mkono kwenye gunia hadi kwenye kiwiko, atoe ya chini kabisa, ayatazame kwenye kiganja, na muuzaji akinuna mama anamwambia ya juu umepanga wewe, ya chini yamejipanga yenyewe, na Kristian mdogo pale pembeni akiona haya, akitamani ardhi immeze, kumbe mama alikuwa na akili, sasa simu utaizamishia wapi mkono, kioo ni kioo, picha ya beringi inang'aa, chini yake watu wameandika asante dada mzigo umefika, na hao watu ni nani, pengine ni shemeji zake... "Baba Loveness!" Raheli huyo, mkewe, kutoka ubavuni mwa nyumba yalipo matenga ya nyanya, "Issa kaja kuazima matenga mawili, nimpe?" mpe, alijibu bila kutoa simu sikioni, mpe hata yote, matenga ya nini kwa mtu asiye na gari, yamekaa pale yamechomekana tangu lori la Tobia liyarudishe tupu kutoka sokoni Dar, Jumanne ile ya wiki iliyopita, alfajiri, bado kalala anasikia breki zile za lori kule barabarani na matenga yanatupwa chini, halafu honi, pii, pii, mara mbili, Tobia huyo, mshenzi, Jumamosi iliyotangulia kapita kaikuta Noah juu ya mawe akacheka mpaka akalalia usukani kwa kifua, "Mgosi, uza vyuma ununue punda!", na Jumanne honi mbili za kumkumbusha, Kristian akajifunika shuka mpaka kichwani, na tangu siku hiyo hajamsemesha Tobia, na hatamsemesha... "...basi nikaenda mpaka sokoni, kaka, unanisikia na hizi kelele..."

Kelele. Hapo Kristian alikaa wima. Kweli kuna kelele, watu wanapiga mayowe pisha, pisha, kuna mkokoteni, kuna mtu anagombana na mtu, na siku zote sauti ya Mariamu hutoka mahali kimya, dukani, feni inavuma nyuma yake, leo hayuko dukani, na kama hayuko dukani yuko wapi saa tatu ya asubuhi siku ya kazi, duka limefungwa, kafunga, kakusanya hela za watu kala kona, na hizi dakika tatu ni za kumlewesha Kristian maneno hadi yeye Mariamu avuke mpaka wa Kenya huko, ala, kumbe ndiyo maana ya shikamoo! na mkono ukaishusha simu, ukaiweka sauti ya juu, Mariamu akaendelea kuongea kwenye mapaja yake huku yeye ameshahamia kwenye kundi la madereva, Mlalo, Lushoto, Soni, Mombo, Mnazi, watu mia mbili na ushee, na ujumbe uko pale pale alipouandika jana na kuogopa kuutuma, Ndugu zangu madereva, huyu dada ni tapeli, msimpe hela zenu, namba yake hii na duka lake hili, na picha ya duka chini, na picha ina mwanamke kasimama mlangoni kashika boksi, anacheka. Jana alisita kwa sababu ya Abdallah. Abdallah wa betri, aliyetajwa kwenye kundi hili hili mwaka jana, mtu mmoja tu aliandika betri zake zimechakachuliwa, neno moja, na tangu siku hiyo hakuna dereva wa milimani aliyemnunulia hata kikombe cha maji ya betri, akafunga, akarudi kwao, na mpaka leo hakuna aliyejua kama betri zilikuwa mbovu au ni yule mteja aliyesahau kuzijaza maji, kundi halina hakimu, kundi likishakutaja umeshatajwa, na huyu Mariamu ukurasa wake wote umejaa majina ya watu wa huku, Soni, Bumbuli, Mgwashi, anakula kwa watu wa milimani, ukimtaja hapa umemvunjia chungu jikoni... "...Baba Loveness, haya matenga mbona yamekaa upande, hili la juu halijaingia vizuri kwenye mwenzake..." yavute tu, Raheli, yavute, kwani ni mara ya kwanza matenga kung'ang'aniana, mtu anafikiri hapa... "...wakanionyesha dereva anayekuja huko kwenu..." dereva tena! siku kumi na moja ni dereva, dereva, dereva asiye na jina, na hasira ikampanda kutoka tumboni, ya moto, tamu, akaona afadhali, afadhali wenzake wasiingizwe mjini kama alivyoingizwa yeye, ni wema huo, ni wajibu, na kidole gumba kikabonyeza.

Ujumbe ukaenda. Alama moja, mbili. Akapumua, mara ya kwanza wiki hii akapumua mpaka chini, na katika kupumua kule masikio yakamfunguka kidogo, ukungu nao ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni na bati la kanisa likaonekana, na sauti ya Mariamu mapajani ilikuwa imechoka, si laini, imechoka, hata hakuwa ameiona hiyo, "...tangu saa kumi na moja alfajiri nipo hapa sokoni kaka, namsubiri huyo dereva ashushe mboga, maana simu yake haipatikani akiwa barabarani, ndiyo nimempata sasa hivi, Tobia jina lake, si uliniambia nitume kwa magari yenu ya Mlalo, mimi niliwauliza wabebaji hapa wakasema watu wa Mlalo mizigo yao hupanda na matenga matupu..." na Kristian akataka kusema nilimaanisha basi, magari ya abiria, lakini nani katika Mlalo nzima hupandisha mzigo kwa basi, sabuni ya mama yake ilikuja ndani ya tenga, viatu vya Loveness vya kipaimara vilikuja ndani ya tenga, vimezungushiwa gazeti, yeye mwenyewe... "...anasema alikuwekea ndani ya matenga yako, yale yenye kitambaa cha zambarau, kaliingiza boksi katikati, Jumanne ile ile, na akakupigia honi mbili kama kawaida yenu ya mzigo, sasa kaka naomba uangalie, labda..."

Honi moja matenga. Honi mbili matenga yana kitu. Tangu akiwa mtoto, kila nyumba iliyo kando ya barabara ile inajua, mtu akisikia mbili anatoka hata na taulo, na yeye alizisikia, alizihesabu, pii, pii, akajifunika shuka, akaona anachekwa... na kile kitambaa cha zambarau ni cha sare ya kwaya ya Raheli, kakifunga yeye Kristian kwa mkono wake kwenye kila tenga ili lisipotee, na gari limekaa kwa sababu ya beringi, na matenga yamekaa kwa sababu ya gari, na beringi imekaa kwenye matenga, hatua ishirini kutoka hapa alipoegemea kiti, siku kumi, na yeye mtoto wa mwanamke aliyezamisha mkono mpaka kiwiko kwenye magunia ya watu. Futa. Futa kwa wote. Kidole kibonyeze wapi, hapa, hapana, hapa, ujumbe umefutwa, lakini chini yake limebaki jibu la Nikodemo, limefika wakati yeye anasikiliza, "Hongea mgosi, asante, nilikuwa namtumia hela ya shokapu sasa hivi, nimeghairi," na chini yake mtu wa Soni, "Na mimi," na chini yake mtu wa Mnazi ambaye hata hamjui, "Nimeshawatumia na wa Korogwe wamjue," na hilo halifutiki, kundi la Korogwe yeye hayumo.

"Unasikia, Baba Loveness?" Raheli alikuwa amesimama mbele ya kioo cha gari, tenga moja begani, kifuani kakumbatia boksi la kahawia lililofungwa kwa gundi ya plastiki, jina la Kristian limeandikwa juu kwa herufi kubwa za mtu aliyetaka lisipotee, "nimelikuta humu katikati, ni zito, nifungue au utafungua mwenyewe?" na simu ikatikisika, Mariamu tena, maandishi safari hii, "Kaka, umeliona?" akili ya Kristian ikaanza kukimbia huku na huku kama kuku aliyefungiwa stoo, atawaambia kidole kiliteleza, atawaambia simu alikuwa nayo mtu mwingine, atamwambia Mariamu pole sana dada kwa usumbufu, na alipoyapanga maneno hayo kichwani, moja baada ya jingine, alisikia jinsi yalivyokuwa laini, na akajua kwamba katika siku kumi na moja hizi hii ndiyo sauti ya kwanza ya tapeli kuisikia. Aibu ikamjaa mpaka macho yakamuuma. Aandike kwenye kundi, mimi ndiye mwongo, mzigo ulikuwa kwangu, kwa jina lake kamili, na Tobia atasoma, na Nikodemo, na watacheka mpaka Krismasi, na hata wakicheka wa Korogwe atawafikia vipi... Raheli aligonga kioo kwa kidole, taratibu, boksi bado kakumbatia, na Kristian alikuwa pale pale kwenye kiti, kidole gumba juu ya simu, kwenye kundi jina la Mariamu kalianza kwa herufi kubwa, M, na bado hajajua neno linalofuata.