Figo ya Kitinda Mimba

Figo ya kitinda mimba ilikuwa imeshapita vipimo. Daktari alisema hivyo mbele ya familia nzima: damu yake haina virusi vya ini wala vya ukimwi, na figo yenyewe inamfaa dada yake bila shida. Dada, aliyechoka kuishi kwa mashine ya kusafisha damu, alilia waziwazi. Kitinda mimba alitoka pale kifua mbele, akitangaza kila kijiwe kwamba yeye ndiye spea ya dada yake.

Ila furaha ya kijana yule haijui kutulia. Siku ya kulazwa, wakiwa wawili tu wodini, alipandisha mkono wa shati. Kinyozi wake alikuwa amemchora tatuu begani, neno DADA, herufi zimepinda na bado zina magamba. Dada alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza sindano ilitoka wapi. Akajibiwa ni ile ile ya kinyozi, inayopitishwa kwenye spiriti, nusu ya mtaa imechorwa nayo. Kicheko kikamwishia hapo hapo.

Daktari akaingia na swali la mwisho: tangu vile vipimo, kijana ametobolewa, amechanjwa au amechorwa popote? Kitinda mimba akatazama dari, akasema hapana. Alikuwa anadanganya kwa ajili yake, na Dada hakujua amshukuru au amzabe kofi. Si walisema yuko safi? Mtu anaweza kuwa safi juzi, leo asiwe? Na akifungua mdomo, si anajinyang'anya figo mwenyewe? Kichwa kilimzunguka.

"Ana tatuu," akasema. "Mpya."

Daktari hakugomba. Alieleza kwamba virusi vikiingia, hukaa mwilini kwa muda kabla kipimo hakijaviona, na anayepandikizwa figo hupewa dawa za kushusha kinga, kwa hiyo vikimkuta vitamdhuru vibaya. Upasuaji umeahirishwa; wangoje, wapime upya. Dada aliitikia kila neno, na hakuelewa hata nusu.

Daktari alipotoka, kitinda mimba alishusha shati. "Nakupa figo, dada, unanikataa?"

"Sijakukataa."

"Sasa umefanya nini?"

Muuguzi alikuja na kiti cha magurudumu kumrudisha kwenye mashine. Kitinda mimba, amenuna vile vile, akakichukua akakisukuma mwenyewe. Njia nzima, Dada hakujua kama amejiokoa au amejiua.