Nani Atatafuna Kwanza

Tangu mumewe azikwe, Bibi Anatolia wa Buhembe hakuonja kitu nje ya nyumba yake. Kila alipotoka alimwaga majivu mlangoni, na akirudi aliinama kutafuta nyayo za wabaya wake. Alikuta za kuku tu, na kuku akakaripiwa vilevile.

Enzi hizo za Mwingereza, siku moja aliteleza migombani, akalala chini toka asubuhi hadi jua la utosi, kuku wakimzunguka na kumtazama. Mwanawe Datius, seremala wa Kashozi, alikuja mbio na baiskeli.

"Mama, Jumapili nakuchukua. Utakaa kwangu."

"Na kibanja cha baba yako nimwachie nani? Tumbili?"

"Basi nionyeshe mtu mmoja wa kukuchungulia kila asubuhi. Mmoja tu! Ukimpata, baki."

Anatolia akawapitia majirani kichwani. Yule alimtazama vibaya msibani. Yule hucheka mno. Akabaki Bibi Mwamvita, mjane wa fundi cherehani kutoka Pangani, aliyehamia ng'ambo ya njia mwaka uliopita. Huyo hakuwa na kosa, kwa kuwa hawakuwahi kuzungumza.

Alhamisi akajifunga khanga safi, akabeba kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa. Mwamvita akampokea kwa furaha, akaingia nacho jikoni, akarudi kahawa ikiwa kwenye kisahani chenye maua.

"Karibu, Mama Datius. Anza wewe."

Anatolia akakikodolea macho kisahani. Kwa Wahaya mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Huyu mbona haonji?

"Anza wewe, mwenye nyumba."

"Hee! Kwetu pwani mwenye nyumba akimtangulia mgeni huitwa mlafi. Anza, mwenzangu."

"Sina haraka."

Tabasamu la Mwamvita likapungua. "Bibi wee, kahawa umeileta mwenyewe, sasa unaiogopa? Umeitia nini?"

"Mimi? Imeingia jikoni kwako ikatoka na maua! Wewe umeitia nini?"

Nzi akatua kisahanini, na bibi wote wawili wakainama kutazama kama atakufa. Nzi akasugua miguu, akaruka zake.

"Nzi mzima," akasema Mwamvita.

"Nzi hana adui," akajibu Anatolia.

"Basi tutafune pamoja. Moja, mbili, tatu!"

Mikono ikaenda midomoni, mataya yakasaga kwa kelele. Kisha Mwamvita akakonyeza jicho.

"Hebu fungua kiganja."

"Fungua wewe!"

Wakafungua. Kila mmoja alikuwa na kahawa yake, nzima, imelowa jasho.

Mwamvita alicheka hadi akashika mbavu. Anatolia alijaribu kununa, akashindwa, akacheka hata machozi yakamtoka. Akiyafuta, akaikumbuka Jumapili. Akachukua tunda moja la kahawa, akalipasua kwa kucha. Ndani mlikuwa na buni mbili zimekumbatiana.

"Wazee wetu wakitaka kuwa ndugu walitafuna hivi, buni moja huyu, moja huyu. Walitia na damu, lakini hiyo tuiache."

"Tuiache kabisa!"

Anatolia akaanza yeye. Alitafuna, akameza, akaachama mwenzake ahakikishe. Mwamvita akafuata, akakunja uso.

"Chungu hivi, ndiyo mnayoisifia?"

"Utazoea. Sasa, ndugu yangu, nilianguka migombani..." Akamweleza yote, hata habari za majivu.

Jumapili Datius alifika na kamba ya mizigo. Mlangoni hapakuwa na majivu. Ndani alikaa mama yake na mwanamke asiyemjua, ambaye alimsogezea kisahani chenye maua.

"Karibu, mwanangu. Mimi ndiye mchunguliaji wa kila asubuhi. Anza wewe."

Datius akamtolea mama yake macho.

"Tafuna," akasema Anatolia. "Au tukuitie nzi?"

Jioni kamba ile ilirudi Kashozi imefunga mkungu wa ndizi tu.