Ndiyo, Hakuna

Binti yangu ndiye aliyeniandikisha. Alisema nitaoza ndani ya nyumba, na kwamba mtu mwenye Kiingereza kilichonyooka kama changu hana haki ya kushinda ameukodolea macho ukuta wakati wakimbizi wanatafuta wa kuwafundisha. Nikakubali ili aninyamazie. Mume wangu alikuwa ameshazikwa, watu wamesharudi makwao na masufuria yao, na mimi nilikuwa sisikii kitu. Si uchungu, si njaa, si chochote.

Basi nikawa napanda ngazi hadi kwa Fundi. Jengo zima linamwita hivyo. Ni mkimbizi, mjane kama mimi, anaishi chumba kimoja na cherehani yake, kazi yake kupunguza suruali za watu. Tulisomea palepale mezani pa cherehani, katikati ya nyuzi na chaki, na mara nyingine alinijibu huku anashona pindo. Sikumkataza. Hata mimi akili yangu haikuwepo.

Shida ya Fundi ilikuwa neno moja. Mwanawe, anayemwita Kadogo, alibaki kambini kwa jirani. Jirani akahama, sasa mtoto analala leo kwa huyu, kesho kwa yule. Fundi aliomba serikali ya huku ughaibuni imletee mtoto. Siku ya mahojiano mkalimani alichelewa, naye kwa kiherehere chake akasema ataweza mwenyewe. Afisa wa uhamiaji akamuuliza kwa Kiingereza, hakuna mtu mwingine wa kumlea mtoto kule? Fundi akajibu "yes". Mimi na wewe tungemwelewa: ndiyo, hakuna. Afisa alielewa ndiyo, yupo. Ombi likakataliwa kwa kuwa mtoto ana wa kumlea.

Sasa alikuwa amepewa nafasi ya pili, ya mwisho. Mkalimani angekuwepo, walisema, akipatikana. Hiyo "akipatikana" ndiyo iliyotunyima raha.

Nikajifanya afisa, nikamuuliza kwa Kiingereza. Huna ndugu kule? "Yes." Huna mama? "Yes." Hakuna mtu? "Yes." Nikapandisha sauti. Nilimwambia, wewe mama, hiyo yes yako itakukosesha mtoto.

Akaacha kukanyaga cherehani. "Mwalimu, mtu amesema kweli tupu. Mimi namwambiaje hapana?"

Nikamweleza kwamba Mzungu hajali aliyeuliza amepatia au amekosea, anajali kitu kipo au hakipo. Hakipo ni "no", basi. Kichwani ilimwingia. Mdomoni ikagoma kufika.

Nikachoka. Nikamwambia haya, tubadilishane, uwe afisa wewe, usikie jibu linavyokaa. Hilo alilipenda. Akajiweka sawa kitini, akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akaanza kunihoji kwa Kiingereza chake. Huna gari? "No." Huna ng'ombe? "No." Akacheka peke yake. Huna mume?

"Yes," nikasema.

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili, "Mwalimu, wameandika unaye."

Nilitaka kujisahihisha, nikashindwa. Uchungu ukanichoma, wa kwanza tangu msiba, halafu ukapita. Mwalimu mzima nimekosea somo langu mwenyewe. Fundi hakunicheka. Aliniuliza tena, polepole, na safari hii nikasema no. Akaniambia sasa nimuulize yeye. Tukaulizana hivyo mpaka chai ikapoa, huna, no, huna, no, wanawake wawili wazima.

Siku yenyewe mkalimani hakupatikana, kama tulivyojua. Mimi niliruhusiwa kukaa nyuma, bila kufungua mdomo. Afisa akafika kwenye swali lile. Alisubiri jibu mpaka akainua macho kutoka kwenye kompyuta. Miguu ya Fundi ilikuwa inakanyaga sakafu chini ya meza, kama anashona.

"No," akasema. "No one."

Afisa akaandika. Akasema kwa hali hiyo hakuna kizuizi tena, mtoto atasafirishwa, na akamsifu Fundi kwamba Kiingereza chake kimekuwa kizuri sana. Fundi akashukuru vizuri, kama tulivyofundishana.

Nilidhani nje atapiga vigelegele. Alisimama kwenye korido ameegemea ukuta, mkoba kifuani, watu wanatupita na makaratasi yao. Nikampa hongera, nikamwambia Kadogo anakuja. Akaitikia kwa kichwa.

"Ile yes ilikuwa inanisaidia, dada," akasema. "Nikisema yes, ni kama mama bado yupo, na kaka zangu."

Nikamwambia najua. Tukashuka ngazi.