Vunjajungu wa Mama Mkwe

Rangi Mbili alikuwa mpaka rangi, na jina hilo wenzake walimbandika siku alipopaka ukuta mmoja wa sebule ya watu kwa makopo mawili yasiyofanana. Nyumbani, ugonjwa wake ulikuwa wadudu waitwao vunjajungu. Aliwafuga kwenye maboksi ya plastiki yenye matundu, kwenye rafu za chumba cha nyuma, na kila mwezi alikutana na wafugaji wenzake katika ukumbi mdogo juu ya duka la mikate, wakabadilishana mayai na kutambiana.

Ukumbini kulikuwa na fasheni kama ya nguo. Alipoanza yeye, kila mtu alifuga wale wakubwa wa kijani. Ikaja zamu ya jani kavu, mwenye mabawa yaliyokunjamana kama kitu cha kuokotwa chini ya mti. Kisha akaingia vunjajungu ua, mweupe mwenye waridi kwa mbali, miguu imetanuka kama petali, na watu wakarukwa na akili. Usipokuwa naye, hata salamu yako iliitikiwa nusu.

Rangi Mbili naye akafuata mkumbo. Akasafisha rafu zote kumpisha mgeni. Likabaki boksi moja la wale wa kijani, lenye jike aliyekonda, akalibeba kwenda kulifungulia kwenye majani ya uani.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni. Alihamia kwao tangu magoti yalipoanza kumsumbua, na chumba kile cha nyuma hakuwahi kukikanyaga. Wadudu wale aliwaita majambazi wanaosali.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Namwachia, Mama. Hawa wamepitwa na wakati."

"Hata mimi nimepitwa na wakati, mkwe wangu. Mimi utanifungulia lini?"

Rangi Mbili akakosa pa kuuweka uso. Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, alicheka mpaka kibanio kikamponyoka mdomoni.

"Lete hapa," mama mkwe akasema. "Aliyezoea kulishwa hajui kujitafutia."

Mwanzoni alifunua boksi akiwa amefumba macho. Baadaye akafumbua jicho moja. Haikuchukua muda akawa anamsimulia yule jike habari za mtaa mzima, naye jike anageuza kichwa chake cha pembetatu kumtazama, kama shoga anayetaka kusikia umbea wote. Jike alinenepa, akang'aa. Alipokuwa akijivua ngozi kwa mara ya mwisho, ananing'inia kichwa chini, laini kama uji, mama mkwe alikataza hata mlango kufungwa kwa kishindo.

Dume likapatikana kwa mfugaji mmoja aliyekuwa akiwaondoa wale wa kijani. Rangi Mbili akatahadharisha: "Mama, jike huyu atamla dume. Mimi nimeshapoteza mabwana harusi wengi."

"Kwa sababu ulikuwa unaozesha wenye njaa."

Akamlisha bibi harusi nzi hadi akawa anageuza uso asitake tena. Akampa mmoja mnono wa mwisho, na alipokuwa bado anamtafuna, akamwingiza dume kwa nyuma, polepole, kwa kijiti. Mama mkwe alikaa pale bila kupepesa macho, licha ya magoti yake mabovu. Dume lilitoka salama. Rangi Mbili, aliyejiona bingwa, alisimama nyuma ya kiti akijisikia mwanagenzi, na ajabu ni kwamba alifurahi.

Mayai yalipoanguliwa, vitoto vilimiminika kutoka kwenye kifuko cha mayai vikining'inia kwenye nyuzi kama mvua iliyosita hewani. Mkutano uliofuata, Rangi Mbili alimwomba mama mkwe waende pamoja.

Mama mkwe alipanda ngazi taratibu, jike lake limetulia begani kama bizimu la nguo. Watu walikuwa wameinamia vunjajungu ua wao. Nzi mmoja akapita karibu na sikio la mama mkwe. Hakuna aliyeona mkono wa jike ukienda. Waliona tu nzi amekwisha shikwa. Mwenyekiti, ambaye ndiye mwokaji wa duka la chini, akasogea kinywa wazi.

"Mama, huyu ni aina gani?"

"Ni yule mliyemchoka," akajibu.

Ikawa zamu ya kijani tena. Watu walimfuata hadi nyumbani, naye aligawa vitoto bure, ila kwa sharti moja: "Mkimchoka, msimtupe. Mnirudishie mimi."

Walimchoka, bila shaka. Kipya kinyemi. Alikuja mwingine mweusi mwenye kichwa kilichopinda, aliyeitwa kizuka, na maboksi ya kijani yakaanza kurejea mlangoni, moja baada ya jingine. Mama mkwe hakumlaumu mtu. Aliuliza tu, "Amekula leo?"

Rangi Mbili ndiye aliyeumia. "Mama, huchukii?"

"Nichukie nini? Walikwenda kutembea, wamerudi."

Wa mwisho kuja alikuwa mwenyekiti, boksi amelificha mgongoni, unga ungali nyusini. Mama mkwe akamwekea kiti, akamwandalia chai. Mgeni alikusudia kuondoka upesi, lakini ilikuwa saa ya kulisha. Akatazama majike yakinyemelea nzi hatua kwa hatua, yakiyumba kama majani yanayopulizwa na upepo, na chai ikapoa mkononi.

"Naweza kuja tena kesho, Mama?" akauliza.

"Njoo," akasema mama mkwe. "Lakini uje na nzi."