Uzi wa Kiini

"Ndugu wanasayansi, leo mtaiona siri ya uhai!" alitangaza mwalimu wa biolojia, kisha akafunua kiini cha seli chenyewe: ndoo yenye kitundu, imejaa wanga wa kunyooshea nguo.

"RNA, nakala ya maagizo ya seli, ni uzi uliomo humu. Hukatwa vipande visivyohitajika, huungwa, ndipo hutoka kitunduni. Kiroboto, njoo uuvute."

Kiroboto, mtundu wa bweni zima, alinywea. Uzi alishautoa kabla ya kipindi, akatia nywele za mfereji wa bafu, zenye utelezi na ukoga, akijua mwalimu ndiye atakayevuta. Akaziba pua, akanyoosha vidole viwili.

"Mbona unaziba pua, mwanangu? Wanga haunuki."

"Shikamoo, mwalimu, nimeshindwa," alisema Kiroboto kwa unyonge. "Si uzi. Ni nywele za bafuni, na nimezitia mimi."