Vidole Vinne Ndani ya Gobori

Siku Mwanapili alipotoka eda, kitu cha kwanza alichokitazama si mlango wala njia, bali gobori la marehemu mumewe, Suleiman, lililotundikwa ukutani juu ya kitanda. Miaka ishirini alilala chini yake asipate kulishika hata mara moja. Alichokijua ni sauti yake. Likilia shambani, nguruwe wa msitu wametimuliwa. Likilia penye nikaha, bibi arusi ametoka. Na mwezi wa Idi ukionekana, Waa nzima, kijiji chao, ilimngoja Suleiman alilize ndipo watu wapeane mikono.

Sasa mudiri, mtawala wa serikali pale pwani, alikuwa ametangaza kwamba, kwa sababu ya vita vya bara, kila silaha ipelekwe Kwale ikaguliwe. Bunduki ya marehemu itachukuliwa na serikali, ila kama nyumbani mwake yupo mtu anayeijua. Na juma lile lile nguruwe walikuwa wamefukua matuta manane ya muhogo wa Mwanapili. Bila gobori, mwaka huu angevuna mashimo.

Akapanda Kwale kwa miguu pamoja na shemejiye, Boga, aliyelibeba gobori begani kama jembe. Njia nzima Boga alimsihi alitoe tu, liwaondokee. Mwanamke na baruti, alisema, ni kama paka na mtumbwi.

Foleni ya bomani ilikuwa ndefu. Boga akaenda kutafuta maji ya kunywa, naye Mwanapili akalipakata gobori. Akalinusa. Akajiuliza inakuwaje bomba moja la chuma liseme furaha kwao, na huko bara liseme msiba. Akachomoa mdeki, ile fimbo ya chuma ya kushindilia baruti, akauteremsha ndani. Alikumbuka Suleiman akifanya hivyo kila alipokwisha kupiga, mdeki ukigonga chini: ting', chuma kwa chuma. Leo ulisema: dufu. Akautoa, akaupima kwa nje ya bomba. Ulikuwa umekomea vidole vinne juu ya mwisho.

Boga aliporudi akamweleza kwamba gobori lina kitu ndani. Boga akacheka.

"Shemeji, Idi ilipita kimya. Waa nzima tulitega masikio, gobori halikulia. Kisicholia hakina kitu."

Mwanapili akaanza kuhesabu kwa vidole. Alikuwa akirudi nyuma, siku moja moja. Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani Suleiman alilishindilia gobori tayari kwa mwezi. Wingu likatanda, mwezi haukuonekana, watu wakaambiwa wafunge ya thelathini. Kabla ya daku homa ikampiga. Magharibi iliyofuata, mwezi ulipotoka, waliouona walikuwa wakirudi kutoka makaburini kumzika, na hakuna aliyekumbuka gobori.

Mara wakaitwa. Sajini Kitsao, mkaguzi wa silaha, alilipokea gobori akauliza kama lina kitu ndani. Boga akajibu upesi kwamba ni tupu. Basi sajini akabandika fataki mpya, kile kidude cha kuwashia baruti, ili aujaribu mtambo, na mdomo wa bunduki ukaielekea foleni.

Mwanapili akalishika bomba kwa kiganja, akalisukuma likatazama juu.

"Afande, kwa hisani yako, usilifyatue. Lina Idi ndani."

"Lina nini?"

"Baruti ya mwezi wa Idi. Haikupata kulia."

Sajini alikuwa ameanza kutabasamu. Akaibandua fataki, akauchukua mdeki, akapima ndani, akapima nje, na tabasamu likamtoka. Akamtazama Boga, Boga akatazama vidole vya miguu yake.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Hakuna. Nimeuuliza mdeki."

Akawachukua hadi nyuma ya boma, mahali palipoelekea msitu mtupu. Baruti haiwezi kurudi nyumbani ikiwa humo ndani, alisema; anayetaka bunduki ailize mwenyewe. Akaibandika fataki tena, akampa Mwanapili gobori; Boga akarudi nyuma hatua mbili. Mwanapili akaegemeza kitako begani kama alivyoona kwa miaka ishirini, akauelekeza mdomo mbinguni.

Gobori likanguruma. Bega likamwaka moto, moshi mweupe ukamfunika, na ndani ya moshi ule akainusa Idi. Watu wakatoka madukani; mzee mmoja mwenye kofia akakinga macho kwa mkono, akatafuta mwezi mchana kweupe.

Mwanapili akamnyoshea Boga mkono. "Idi njema, shemeji."

Boga akaupokea kwa mikono miwili.

Kisha Mwanapili akauteremsha mdeki ndani ya bomba. Ting'. Waliporudi mezani sajini akafungua daftari la wenye bunduki, akachovya kalamu, akamwuliza jina la baba yake.